Punje za Adabu

Jumanne, 4 Aprili 1995

Kumi na tisa! Mara kumi na tisa!

Faksi iliingia ofisi ya simu mjini asubuhi, wakamkabidhi dereva wa gari la chanjo, nikaipata saa sita hapa kituo cha afya nikiwa na foleni ya malaria hadi nje ya mlango. Ni ya Profesa Leonidas wa Dar. Ameshinda maktaba siku mbili na vile vitabu vizito vinavyoonyesha nani kamtaja nani katika sayansi, dunia nzima. Makala yetu ya mwaka 1992 — jarida la London la magonjwa ya ubongo, jina langu mbele, lake nyuma — imetajwa na watafiti wengine mara kumi na tisa. Yeye ana makala nyingine thelathini na nne, na iliyotajwa sana kati ya hizo imetajwa mara kumi na moja. Chini ameandika kwa mkono: Dada Damari, umenipita, na makala unayo moja tu!

Moja tu! Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja kwenye foleni akauliza kama mwanangu amefaulu mtihani. Nikamwambia ndiyo. Ningemweleza nini?

Najiandikia tena hapa, kwa raha zangu, maana Peniel mume wangu amechoka kusikia. Mwaka 1990. Familia hamsini na nane hapa Unyambwa zenye mtoto mwenye kifafa. Vidonge vimepatikana, lakini nitajuaje kama vinasaidia? Wazazi wengi hawajui kuandika. Nikawaza makopo. Tangu biashara iachiwe huru, makopo ya mafuta ya kupikia kutoka Kenya yamezagaa kila duka. Ule wakati wa kupanga foleni ya sabuni nisingepata hata matano. Kila mwanzo wa mwezi kila familia inapewa kopo tupu. Mtoto akianguka, tia punje moja ya hindi. Mwisho wa mwezi Simoni, mhudumu wetu wa afya, anapita na baiskeli kuyakusanya, mimi nahesabu. Kabla ya vidonge: punje kumi na nane kwa kila mtoto, kwa wastani. Baada ya mwaka mzima: mbili, tatu.

Na hiki ndicho kilichowapagawisha mabingwa wa ubongo huko ng'ambo: hakuna kopo hata moja lililorudi tupu. Hata moja! Vidonge vinapunguza, vinapunguza, vikifika mbili tatu vinagoma. Kwingine duniani watoto wengi wanaacha kabisa kuanguka. Kwetu hapana. Kwa nini? Ndicho wanachoulizana hao wanaotutaja. Daktari mmoja wa India amelipa jambo hilo jina: Mabaki ya Unyambwa. Kijiji chetu kimekuwa ugonjwa!

Peniel kasema hongera mara tatu, ya nne kaomba chakula.

Ijumaa, 7 Aprili

Kadi mbili leo kwenye sanduku la posta. Brazili na Poland. Zimechapwa tayari, wao wanajaza jina tu: Mpendwa Daktari, tafadhali nitumie nakala moja ya makala yako. Ni watu ambao maktaba zao hazina lile jarida. Kumbe na huko wanakosa! Jumla sasa kadi arobaini na moja. Peniel, mwalimu wa jiografia kama alivyo, amezibandika kwenye ramani ya dunia darasani kwake. Anasema kidato cha pili wote wanajua Poland ilipo kwa sababu ya kifafa cha Unyambwa.

Nimebaki na nakala tano. Nimetuma mbili, na stempu ya twiga. Waone.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka.

Mchungaji amenitangaza kanisani! Baada ya matangazo ya mavuno na kabla ya onyo kuhusu kampeni za vyama uwanjani petu. Alisema mtoto wa Unyambwa ametajwa na mataifa. Vigelegele. Nilivaa lile gauni la mtumba la bluu, mkanda ukakatika wakati wa kusimama, nikapunga mkono mmoja huku mwingine umeshika kiuno.

Mama alinisubiri nje. Shikamoo mama. Marahaba. Akaenda moja kwa moja kwenye hoja yake: hao wakishakutaja, wanakuletea nini?

"Hawaleti kitu, mama. Wanataja tu."

"Basi?"

"Basi."

Alifikiri sana. Kisha akasema ni kama kutajwa kwenye maombi, si haba, na tukaenda kula kuku.

Alhamisi, 20 Aprili

Sijui nianzie wapi. Barua kutoka Denmark! Daktari Henriksen, yule aliyenitaja mara tatu peke yake. Kurasa sita. Anataka kuja. Anataka kuleta utafiti wa miaka mitatu hapa kwetu. Watoto wote wa makopo wataongezewa dawa ya pili, kali zaidi, juu ya hii wanayomeza, ili kuyamaliza mabaki. Friji ya kutumia jua. Kompyuta! Pikipiki ya Simoni. Na mimi — mimi! — nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huko kwao, miaka miwili, kisha nirudi kuongoza.

Nina miaka arobaini na mbili. Nilikuwa nimeshakubali kwamba nitastaafu nikiwa daktari msaidizi, na sikuwa na kinyongo. Leo nimegundua nilikuwa nacho, kwa jinsi kilivyoondoka.

Dawa yenyewe ina ukali wake. Fizi huvimba, mtoto hupepesuka akitembea, damu lazima ipimwe kila mwezi. Lakini kama ndiyo njia ya kufika sifuri, tutavumilia. Wanafika Jumanne tarehe 11 Julai, yeye na wenzake wanne. Wote wanne wako kwenye orodha ya kumi na tisa.

Simoni nilipomwambia habari ya pikipiki alikaa chini kwenye ngazi ya kituo, akavua kofia, akaivaa tena.

Jumamosi, 29 Aprili

Niandike kabla sijaanza kucheka tena. Au kulia.

Nilikwenda kuwaandaa wazazi kwa ajili ya dawa ya pili. Nikaanza na Dorika, Mama Nathan, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya karibu na kopo lake lilikuwa namba moja. Nafika — Nathan yuko juu ya tembe! Kijana wa miaka kumi na saba, mgonjwa wa kifafa, juu ya paa, anashindilia udongo ulioliwa na mvua. Nilipiga ukelele. Shuka! Mama Nathan, unataka kumuua mtoto? Akitokewa huko juu?

Dorika alitoka na ungo mkononi, ametulia kabisa.

"Atokewe na nini, daktari?"

"Na kuanguka!"

"Aa. Huyu haanguki. Ameacha zamani. Tangu ile Krismasi ya mwaka wa kwanza wa vidonge."

Nikamwambia haiwezekani. Makopo yake ninayajua kwa moyo. Januari punje tatu, Februari mbili, Machi tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Nimeyahesabu mimi mwenyewe! Yako kwenye jedwali la tatu, London!

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Sasa daktari, kopo si lilikuwa lako? Ulitaka nikurudishie tupu?"

Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Mimi! Mnyaturu wa hapa hapa, niliyezaliwa ng'ambo ya kile kilima. Niliyechapwa na mama yangu nikiwa na miaka saba kwa kurudisha bakuli la jirani jeupe, bila hata karanga tano ndani yake. Hapa hurudishi chombo cha mtu kitupu, unatia chochote ulicho nacho. Najua hilo kabla sijajua kusoma. Halafu nikagawa makopo matupu hamsini na nane na kukaa ofisini nikisubiri sifuri!

Nikamuuliza kwa nini basi hakujaza kabisa. Akasema angejaza si ningedhani mtoto anakufa? Alitia kidogo tu, za heshima.

Za heshima. Bwana mmoja wa Kanada, kati ya walionitaja, ametengeneza hesabu ya kurasa nne kueleza punje tatu za Mama Nathan. Mhindi anasema mzizi wa ugonjwa umejificha ndani sana ya ubongo. Mwingine anadhani ni minyoo. Nilianza kucheka pale pale kwenye kigoda, Dorika akacheka kwa kuwa mimi nacheka, Nathan akachungulia kutoka juu kuona wanawake wamepatwa na nini.

Nilicheka njia nzima. Karibu na kituo nikasimama. Watoto wanakaribia kupewa dawa kali kwa ajili ya punje za adabu.

Jumapili, 30 Aprili

Ibada sikuisikia. Nilikuwa nahesabu.

Jumatatu, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimemfuata Simoni nyumbani, anapura mtama. Shikamoo kaka. Nikamuuliza taratibu: wale akina mama walikuwa wakitia punje wewe unafika mlangoni?

Hakusita hata kidogo. Ndiyo, wengine. Wanakuona, wanakimbilia ndani, wanatia mbili tatu, wanakupa. "Nikajua ni watu wastaarabu. Angetokea wa kunipa kopo tupu, huyo ndiye ningekuja kumshtaki kwako."

Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli na siku ilikuwa nzuri, akaniongezea: nyumba moja hawakuwa na mahindi, wakatia karanga. Yeye akazitoa akatia mahindi yake ya mfukoni, maana daktari alisema mahindi. Karanga alikula.

Kosa si lake. Aliyewaza makopo ni mimi.

Jumatano, 3 Mei

Nimempigia Profesa kutoka ofisi ya simu. Kelele mstarini, ilibidi nipaze sauti, na foleni nzima nyuma yangu ikajua habari za kifafa. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Umemwambia nani?"

Hakuna.

Basi akaanza. Kumbukumbu za akina mama baada ya miaka minne si takwimu. Mama mmoja si akina mama hamsini na nane. Halafu sauti ikashuka: dada Damari, tunatajwa kwa sababu ya mabaki. Mabaki yakiondoka, sisi ni nani? Ni watu wawili walioonyesha kwamba dawa ya kifafa inatibu kifafa. Hilo lilijulikana kabla hatujazaliwa. Tungoje utafiti uanze, ukweli utajitokeza wenyewe, polepole.

Nikamuuliza: na fizi za Nathan, nazo zitavimba polepole?

Akasema nisiwe mkali. Nikamwambia mimi ni mkali tangu shule ya msingi. Simu ikakata. Hii mara ya kwanza ninaishukuru.

Alhamisi, 4 Mei

Niseme ukweli hapa, ambapo hakuna anayesoma. Naitaka ile shahada. Naitaka sana. Jana nimejishika nikijiuliza kama sweta langu la kijani litatosha baridi ya Denmark.

Na zile kumi na tisa! Ni zangu. Si za Profesa, si za hospitali yoyote. Nikizikosa sina nyingine.

Lakini kuna jambo ambalo Profesa hakuliona, na mimi nimeliona leo nikimpiga mtoto sindano. Kama Dorika anasema kweli, basi Nathan amepona. Na kama Nathan amepona, wangapi wengine? Miaka minne nimekuwa nikiamini sijamfikisha hata mtoto mmoja kwenye sifuri! Nilikuwa naona aibu, sikuwahi kumwambia mtu. Labda nimewafikisha kumi. Labda ishirini. Nataka kujua kuliko ninavyotaka sweta.

Peniel aliuliza nitafanya nini. Nikasema nitahesabu upya, bila chombo.

Jumatatu, 15 Mei

Tumeanza! Familia hamsini na mbili, maana sita wamehama: Itigi, Shelui, na binti mmoja kaolewa Kilimatinde. Safari hii hakuna kopo, hakuna kikapu, hakuna kitu chochote changu cha kurudishwa. Mtoto akianguka, chora mstari mmoja wa mkaa ukutani, ndani, kando ya mlango. Ukuta ni wako, unabaki kwako. Simoni atapita kila Jumamosi kuona. Siku thelathini.

Wengine wamenuna. Kopo liko wapi, daktari? Umetuchoka? Bibi mmoja kaupaka ukuta wake udongo mweupe juzi tu kwa ajili ya harusi, hataki kuuona mkaa. Nikamwambia ombea usiuhitaji. Akacheka, akakubali.

Jumamosi, 27 Mei

Nimekwenda na Simoni, mimi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, watoto wanatukimbilia. Alizeti zimeshainamisha vichwa. Nyumba ya kwanza: ukuta safi. Ya pili: safi. Ya tatu: mistari saba, na mama wa mtoto Alute ameketi chini yake. Huyu mtoto ni mgonjwa kweli, na dawa ilikuwa imemwishia wiki nzima, mama hakusema kwa sababu nauli ya kuja kituoni hakuwa nayo. Nimempa dawa, Simoni atampelekea kila wiki. Miezi ambayo dawa ipo, makopo yale yalikuwa yakimficha huyu mtoto. Kumbe tatu za adabu na tatu za ugonjwa zinafanana zikishaingia ndani ya bati.

Ya nne: safi. Ya tano: safi! Nilianza kugusa kuta kwa mkono, sijui kwa nini. Simoni akasema nitachafuka.

Jumamosi, 17 Juni

Thelathini na tatu!

Kuta thelathini na tatu hazina hata mstari mmoja. Kumi na mbili zina mmoja au miwili. Saba zina zaidi, na hao saba sasa nawajua kwa majina, naweza kuwatafutia njia.

Thelathini na tatu hawaanguki. Nimesoma majina yao kwa sauti jikoni, na Faith mwanangu akafikiri nawaalika sherehe. Yule wa duka la sabuni. Yule mchunga ng'ombe wa pale bondeni aliyekuwa na kovu la moto mkono mzima kwa kuangukia mafiga. Yule msichana wa kwaya! Nimemsikia akiimba kila Jumapili, na kila Jumapili nimekuwa nikimsikitikia. Haumwi! Amekuwa mzima miaka yote hii, anaimba tu, mimi ndiye nilikuwa na mgonjwa kichwani.

Nimelia vizuri. Peniel kaleta kanga nifute macho.

Jumanne, 20 Juni

Nimeandika barua mbili. Ya kwanza kwa mhariri, London. Nimeifuta mara nne. Kiingereza hakina namna nzuri ya kusema kwamba makopo yalirudi na heshima ndani yake. Mwisho nimeandika wazi: kosa lilikuwa la mtafiti, si la familia, nilibuni kipimo kisichojua watu kinaowapima, na watu hao ni wa kwetu. Jedwali jipya liko nyuma. Nimetia saini peke yangu. Nimeiposti kwa rejista, na nakala kwa Profesa.

Ya pili kwa Henriksen, kwa faksi. Mashine ilimeza ukurasa wa kwanza, ikauma wa pili, yule binti wa ofisi ya simu akauvuta akaurudisha. Anasema umekwenda. Karatasi ya kuthibitisha haikutoka. Wino umeisha, anasema, lakini umekwenda.

Ijumaa, 30 Juni

Hakuna jibu kutoka Denmark. Profesa ndiye kajibu, mistari miwili: amepata nakala ya barua yangu, anakuja mwenyewe tarehe 10, nisiseme kitu kwa wageni kabla yake.

Kadi moja leo, ya Hungaria. Mpendwa Daktari, tafadhali nitumie nakala. Nimebaki na moja. Nimeituma na jedwali jipya nimelibana nalo kwa pini.

Jumatatu, 10 Julai

Profesa amefika na basi la Dodoma, suti yote nyekundu kwa vumbi, upepo wa Julai unampiga meno yanagongana. Mtu wa Bukoba, baridi yetu kavu haijui. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nimepanga maneno tangu Ijumaa. Alivyokuwa anatetemeka nikampa sweta la kijani.

Sikumpeleka kituoni. Nilimpeleka kwa Mama Nathan. Nathan alikuwa hayupo, yuko na trekta la kukodi, anaendesha — anaendesha! — mashambani kwa watu. Profesa akauliza maswali yake yote, ya kitaalamu, kwa upole, na Dorika akayajibu yote huku akichambua mboga. Mwisho akamuuliza: mama, una uhakika gani na hiyo Krismasi?

Dorika akaacha mboga.

"Baba, wewe una mtoto?"

"Watatu."

"Basi siku mtoto anayeanguka kila wiki anapoacha kuanguka, wewe unaisahau?"

Profesa hakuandika kitu kwenye daftari lake. Tukarudi kwa miguu, sweta limemfika juu ya kitovu. Karibu na kwetu akasema: wageni wanadhani wanakuja kuyaona mabaki. Friji imo kwenye gari tayari. Nikasema niliwatumia faksi.

"Makala ina jina lako mbele," akasema. "Waambie wewe."

Sijui kama ameniachia au amenitupia. Kala ugali sahani mbili.

Jumanne, 11 Julai

Saa tatu. Wamefika, magari mawili. Henriksen ni mrefu, ana aibu, amejifunza "shikamoo" na amempa mama yangu, mama akamwitikia vizuri sana. Sasa najua: faksi haikufika. Amenishika mikono miwili akasema amesubiri miaka mitatu kuyaona makopo. Kwenye gari la pili kuna friji, na maboksi ya ile dawa ya pili, yamepangwa mpaka dirishani.

Saa tano. Naandika kwenye meza ya chai, wageni wananawa mikono. Wazazi wamejaa chini ya turubai, akina mama hamsini hivi, wamevaa vizuri, watoto wao pembeni. Bwana wa Kanada ni mfupi na anapenda sana mihogo. Profesa amekaa mstari wa mbele na sweta langu.

Saa sita kasoro. Nimesema. Nimesema yote! Kwa Kiingereza, nimesimama, bila karatasi. Makopo, bakuli la jirani, punje za heshima, mkaa, kuta thelathini na tatu. Nimesema sasa hakuna mabaki ya Unyambwa, hayakuwepo, kuna watoto waliopona na mtafiti ambaye hakuuliza. Nimesema maboksi yale yasishuke, isipokuwa kwa wale saba, nao tuwapime kwanza. Kisha nikakaa.

Wa Kanada ameacha kutafuna.

Henriksen hakukasirika. Ingekuwa rahisi. Amefungua nakala yake ya makala yangu — imechakaa, pembeni kumejaa maandishi yake ya kalamu nyekundu, kila ukurasa — akaitazama muda mrefu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, na haki anayo: mwanzo walikuambia kwa punje ili wakupendeze. Nitajuaje kwamba safari hii hawajakuambia kwa ukuta ili wakupendeze?

Profesa ndiye kasimama! Kasema: waulize wenyewe, wako hapa.

Basi nimemwomba Simoni aseme kwa Kinyaturu: mzazi ambaye mtoto wake haanguki tena, hata mara moja, asimame.

Hakuna aliyesimama. Wanatazamana. Nikajua mara moja. Wageni wamekuja kutoka mbali na magari mawili, na sisi tunawaambia watu wasimame waseme hawana kitu cha kuwapa! Dorika akaniita kwa sauti, mbele ya wote: "Daktari, nisimame niseme sina hata moja? Mbele za wageni?"

Nikamwambia kwa lugha yetu: Mama Nathan, ndicho walichokifuata. Hawana wanachokitaka kingine.

Amejifunga kanga vizuri kiunoni. Amesimama.

Kisha mama yake yule msichana wa kwaya. Kisha wawili pamoja, wanashikana mikono, wanacheka. Bibi wa ukuta mweupe. Henriksen anahesabu kwa kidole, midomo inacheza. Kumi na moja. Kumi na nne. Watoto wenyewe sasa wanasimama, Simoni anawaambia kaeni, wazazi tu, hawamsikii. Kwenye kumi na tisa Henriksen kaacha kidole hewani, na yule wa Kanada kavua miwani. Profesa ndiye anayeendelea, kwa sauti, kwa Kiswahili: ishirini na nne, ishirini na tano — na kule nyuma kuna mama bado anatafuta viatu vyake ili asimame vizuri —